Boya la Kisima cha Tisa

Nataka nimseme Nola Prewett angali hai, maana watu wakishakufa kila mmoja hugeuka malaika, na Nola si malaika. Ana domo. Wala simsemi kwa ubaya, langu mwenyewe halijawahi kupata kufuli. Leo ana miaka sabini na bado anaendesha gari kama anafukuzwa.

Mimi ni Una, nilikuwa mpishi wa ranchi ya Kurrabee miaka ishirini na miwili. Meneja watano wamekuja na kuondoka, jiko likabaki langu. Mwezi wa tano wa mwaka ule wa ukame nikaona vumbi linakuja, nikajua ni akina Prewett: lori, karavani wanayolala nyuma yake, matundu ya kuku juu ya lori, na mbwa wawili wamekaa mbele kama wenye gari. Kel, mumewe, alikuwa fundi wa kujenga uzio. Nola aliajiriwa kuzungukia visima. Watoto walikuwa wawili, Tess wa miaka kumi na Roddy wa sita, nao walisoma kwa redio, mwalimu yuko mjini na wao wako mezani kwangu wanachora ng'ombe badala ya kuandika hesabu.

Nola alizaliwa katika kambi ya wachunga ng'ombe, mama yake akiwa mpishi kama mimi, lakini kupika hakurithi hata kidogo. Mkate wake ungeweza kuzuia mlango. Alichojua ni maji. Alikuwa anasimama mbali na pampu, anasikiliza injini, anasema, "Hiyo inakula mkanda, haifiki Ijumaa." Na kweli haifiki. Roddy alimzaa njiani kati ya ranchi moja na nyingine, Kel akiwa mkunga, na siku ya nne alikuwa tena juu ya tangi anaziba tundu. Miaka kumi na miwili walikuwa wamezunguka hivyo, ranchi kumi na nne, kiangazi hapa, kiangazi kule.

Sasa watu wa namna hiyo wanaishi kwa jina. Huku barua ya sifa haina msomaji. Meneja akitaka kukuajiri anafungua redio koli asubuhi, anamuuliza mwenzake, "Hao Prewett wakoje?" Na jibu linasikika nchi nzima, kila jiko, kila kambi, kila lori lenye waya wa redio juu. Jina likiharibika asubuhi, mchana huna pa kwenda.

Na jina la Prewett lilikuwa zuri, Nola akalijua hilo kupita kiasi.

"Prewett hawajawahi kuua ng'ombe kwa kiu," aliwaambia vijana wa kazi mezani pangu, mdomo umejaa nyama. "Kwingine sisemi. Kwangu, hata ndama."

"Wewe unawanywesha au unawahubiria?" mmoja akamtania.

"Nikiwahubiria wanakunywa haraka zaidi."

Kel akainamisha kichwa kwenye sahani. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akasema, "Mke wangu, gonga mbao, usijiletee nuksi." Nola akagonga kichwa cha mumewe, sote tukacheka.

Visima vya Kurrabee ni kumi na moja, na mzunguko ni kilomita mia mbili na kumi. Nola alikwenda kila Jumatatu na kila Alhamisi. Unatia dizeli, unawasha injini, unapima tangi, unaosha hori la kunyweshea likiota ukoko wa kijani. Kuosha hori kuna utaratibu wake. Mdomo wa bomba una boya: maji yakipungua horini boya linashuka, bomba linafunguka, yakijaa linapanda, bomba linafunga. Ukitaka kuosha, unaliinua boya, unalifunga kwa kipande cha waya, maji yanakatika. Unamwaga, unasugua, kisha unafungua waya. Ule waya, usipokuwa kwenye boya, Nola aliuchomeka kwenye utepe wa kofia yake, na kofia ile hata ibilisi asingeivaa.

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi na moja, mvua haijaja, joto limepita nyuzi arobaini na nne, alikwenda na watoto. Kwenye kisima cha tisa aliosha hori. Alipokuwa anamalizia, Roddy akatia mkono ndani ya bomba kuukuu na nyigu wakamvamia usoni. Macho yote mawili yakafumba kwa uvimbe. Nola akamtupa garini, akaja mbio hadi kwangu, tukamkanda kwa siki hadi akanyamaza. Kesho yake mtoto alikuwa anakimbiza kuku.

Jumamosi asubuhi, saa moja kasoro robo, kitasa cha mlango wa oveni yangu kikakatika. Nola alikuwa amesimama hapo na kikombe cha chai.

"Nola, una waya?"

"Mimi na kukosa waya?" Akapeleka mkono kwenye kofia.

Mkono ukabaki pale pale. Nilimtazama uso, nikaona rangi inamtoka. Akaivua kofia, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye utepe wote mara mbili. Kisha akaweka kikombe chini taratibu.

"Una," akasema, "sikulifungua boya la Tisa."

Kama wewe si mtu wa ng'ombe labda hujaelewa. Tangi la Tisa lilikuwa limejaa pomoni, alilijaza mwenyewe. Hori chini yake kavu. Na kitalu kile kilikuwa na majike mia mbili na themanini pamoja na ndama wao, tangu Alhamisi mchana, katika jua lile, wanasikia harufu ya maji na hawayapati. Mwizi hafanyi hivyo. Mgeni hafanyi hivyo, maana mgeni haoshi hori. Ni kosa la mzungukaji visima peke yake, na akilifanya, wenzake hawamsahaulii hadi kaburini.

Kutoka jikoni hadi Tisa ni mwendo wa saa tatu kwa njia ile ya mawe. Aliyekuwa karibu ni Dinny, mnyapara wa wachungaji, mzaliwa wa nchi ile yeye na babu zake. Alikuwa na kambi ya farasi kilomita kumi na nne kutoka kisimani, naye hufungua redio saa moja kamili. Saa moja kamili hufungua kila mtu.

Hapo nikatoa ushauri ambao sijivunii. Nikamwambia, "Usiseme boya. Mwambie apite Tisa akaangalie, sema injini inakupa wasiwasi. Akifika ataona mwenyewe, na Dinny si mmbea."

Akanitazama. Najua alilipima, maana alimtazama na Tess, aliyekuwa mezani ameacha kutafuna.

"Akiitwa kwa injini, ataanza na injini," Nola akasema. "Atakuta ng'ombe wamesongamana horini, atafungua boya wakiwa pale pale. Wakisikia maji watakanyagana, watavunja bomba, na tangi lote litamwagika mchangani. Lazima ajue kabla hajatoka kambini. Lazima awatoe kwanza."

"Basi sema bomba tu limeziba."

"Una, hebu ninyamazie kidogo."

Saa moja ikafika. Redio ikaamka na kelele zake za kawaida, mke wa nani anaulizia unga, nani amefiwa na mbwa. Nola akashika kipaza sauti, akakata maneno ya watu, jambo ambalo halifanyiki.

"Kurrabee hapa. Ni Nola Prewett, namtaka Dinny. Dinny, Alhamisi nilifunga boya la Tisa nioshe hori. Sikulifungua. Tangi limejaa, hori kavu. Kosa ni langu, si la mtu mwingine. Nenda, na uwatoe ng'ombe pale kabla hujagusa boya."

Nimesikiliza redio ile miaka ishirini na miwili na sijawahi kumsikia mwingine akijitaja kwa kosa lake. 

Dinny akajibu: "Nimekupata, mama. Farasi wametandikwa tayari. Niwanyweshe kwa makundi?"

"Ishirini ishirini. Wenye ndama wachanga kwanza."

"Ishirini nitahesabu mimi. Wewe leta miguu yako huku." Akazima.

Na hapo sauti moja ya kiume, sijui ya kambi gani, ikacheka, ikasema, "Si Prewett hawaui ng'ombe kwa kiu?"

Damu ikanipanda. Nikamnyang'anya Nola kipaza sauti. "Nani huyo? Taja jina lako kama mwenzio alivyotaja lake." Hakutaja, wa namna hiyo hawatajagi. Nola alikuwa ameshatoka nje anawasha pikapu. Nikavua aproni, nikamkabidhi Tess mkate ulio ovenini, nikapanda. Vijana wa kazi walikula nyama baridi siku hiyo, na hawakufa.

Tukaishika njia ya mawe. "Kel sijamwambia," akasema.

"Kel ana redio garini," nikamjibu.

"Ndiyo. Amesikia pamoja na watu wote." Hilo lilimuuma kuliko yule wa kucheka.

Tulipofika, Dinny na wenzake wawili walikuwa wamewazuia ng'ombe mbali upande upepo unakotokea, wasisikie harufu ya maji, na walikuwa wanawaleta ishirini ishirini. Hori lilikuwa linamiminika. Majike saba walikuwa chini, wamekufa, na ndama watatu. Ndama mwingine alikuwa hai, amesimama ubavuni kwa mama yake aliyekufa, anamsukuma chuchu kwa pua. Nola alipomwona huyo alilia, akalia kwa sauti, na hakujificha. Kisha akapangusa uso kwa mkono wa shati, akatoa kalamu, akapita kwa kila mzoga akaandika namba ya hereni ya sikioni.

Dinny akaja na farasi wake. "Saa nyingine mbili au tatu, wangelala nusu yao," akasema. "Ungesema tu nipite Tisa, ningeanza na injini."

Hakuwa amesikia mabishano yetu ya jikoni. Mimi nikatazama pembeni.

Jumapili meneja, bwana Hatherly, akaja jikoni kofia mkononi. Si mtu mbaya. Ni mwoga wa wakubwa wake tu, na mwoga akiwa na hasira huwa mkali kuliko mkali mwenyewe.

"Nchi nzima imesikia," akasema. "Nikikuacha hapa, watasema Kurrabee ng'ombe wanakufa na mtu anabaki na kazi yake. Mwisho wa mwezi mtaondoka."

"Sawa, bosi," Nola akasema. "Na kesho mzunguko ni wa nani?"

Hatherly akakuna shingo. "Wako. Nitampata nani mwingine kwa kesho?"

"Nilitaka nijue tu."

Alipotoka, Kel akaketi karibu na mkewe. Niliona anaogopa, mikono ile ya kuchimbia nguzo inacheza na kijiko. "Tutakwenda wapi, Nola? Kila mtu amesikia."

"Kwa kuwa kila mtu amesikia, basi hakuna wa kumficha," akasema. "Mficha uchi hazai, Kel. Kula." Lakini yeye mwenyewe hakula.

Jumatatu saa moja, gari lake likiwa limeshapakiwa dizeli, redio ikafunguka na sauti niliyoifahamu ikanifanya niache kukanda unga. Ni mzee Gorrie wa Lanner Downs, ranchi jirani kubwa mara tatu ya yetu. Mzee yule hazungumzi na wapishi, hasalimii, hashukuru. Wanaume wazima hunyoosha shati wakisikia gari lake.

"Kurrabee. Yule mwanamke wa boya yupo?"

"Ana jina," nikasema.

"Mpe redio."

Nola akachukua kipaza sauti. Mgongo wake ulikuwa umenyooka, nampa hilo. Nchi nzima ilikuwa inasikiliza, hata wenye unga wa kuulizia.

"Nola Prewett hapa."

"Umeua wangapi?"

"Kumi. Majike saba, ndama watatu. Namba zao ninazo."

"Mimi nina wazungukaji visima watano," mzee akasema, polepole, na kila mtu akajua wale watano wako mezani wanakunywa chai, wanamsikia. "Kiangazi hiki kimoja nimepoteza mia moja na arobaini. Nimewauliza mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusahau boya. Habari za ng'ombe wangu mimi naletewa na kunguru."

Redio ikakwaruza. Hakuna aliyecheka.

"Nakutaka hapa tarehe moja," akasema. "Wewe na mumeo."

Mtu mwingine angesema asante akakimbia kufunga virago. Nola akameza mate, akasema, "Mzee Gorrie, nisikudanganye. Kuna siku nitasahau tena."

"Najua utasahau. Utaniambia lini?"

"Nikikumbuka tu, saa hiyo hiyo."

"Basi njoo," mzee akasema, akazima.