Mkono wa Milembe haukufika sikioni

Jamani, leo mdogo wangu Milembe amekataliwa shule, na kusoma anajua!

Nilimfundisha mwenyewe, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jiko. Mama alinionya, "Mwache kwanza akue." Sikumsikiliza.

Asubuhi nikampeleka kuandikishwa. Mwalimu hakumpa kitabu. Alimwambia apitishe mkono juu ya kichwa, aguse sikio la upande wa pili. Hapa Majimoto kipimo hicho cha umri nyie wote mnakijua.

Vidole vyake viliishia kabla ya kufika sikioni. Akajivuta, akainamisha kichwa. Watoto wakacheka.

"Mrudishe mwakani," mwalimu akasema.

Nilitaka kusema, "Lakini anasoma."

Milembe mwenyewe akasoma ubaoni, kwa nguvu: "Karibuni darasa la kwanza."

Mwalimu akatabasamu. "Hodari! Mkono ukifika, mlete."

Akafuata Masanja wa jirani, mrefu, hajui herufi hata moja. Akagusa sikio, akaandikishwa.

Njiani nilimwonyesha Milembe kibao cha duka asome, kama kawaida yetu. Akageuza uso.

"Dada, nifundishe mkono."

Nyie mngemjibu nini?