Cheti Kilichobaki Kasongo

Mjomba aliponishauri niache cheti cha ndoa nyumbani Kasongo kisilowe kwenye pikipiki, nilipaswa kumkatalia. Nilikubali. Mimi na mke wangu Furaha tulipofika Kigoma kwa fungate, mama mwenye nyumba ya wageni akakidai. Kwa woga nikasema Furaha ni dada yangu. Akapewa chumba chake, mimi nikalazwa na wauza dagaa.

Asubuhi ya tatu mama yule alinikuta uani nikimfumua Furaha nywele za harusi, kichwa chake mapajani mwangu.

“Kaka gani huyu!”

“Mama, ni bwana yangu,” Furaha akacheka. “Iko na woga tu.”

Hakutuamini, akatufukuza. Bila cheti hakuna mwingine aliyetupokea, tukarudi. Nilimwahidi safari nyingine, sikumpeleka. Furaha amefariki mwaka huu. Fungate letu lote lilikuwa siku mbili, kila mtu chumbani kwake.