Samli ya Marehemu

Mutalemwa alirudi salama kutoka vita vya Kagera, halafu akaja kufa kwake Muleba akipogoa migomba, mchana kweupe, mundu mkononi. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mnene, hata hakohoi! Watu wakasema ni Juliana, maana ndivyo walivyouita UKIMWI, na miaka ile kila kifo kilikuwa Juliana, hata ungeanguka kutoka mtini. Wakamzika kibanjani, kwenye migomba yake, nyuma ya jiko.

Mkewe Kezia alikumbuka jambo moja. Mumewe alikuwa na vinundu vya njano viwikoni na kwenye vidole. Sasa vinundu vile vile, mahali pale pale, vikamtoka binti yao Rozi, mtoto wa miaka saba.

Mama mkwe, bibi Eufrazia, alivipapasa kimoja kimoja. "Mwanangu amerudi," akasema. "Alikufa hajala. Ana njaa."

Basi kila jioni alipeleka bakuli la samli kaburini, akamwaga kidogo, iliyobaki akamlisha Rozi ale kwa niaba ya baba yake. Mtoto akanogewa. Jioni ikikaribia alikwenda mwenyewe kukaa pale, amekunja mikono kama marehemu alivyozoea kuikunja, na Kezia akimwita hageuki. Kezia aliogopa, aliogopa kweli, lakini mama mkwe unamwambia nini? Vinundu vikazidi kukua. "Bado hajashiba," Eufrazia akasema, akaongeza samli.

Halafu Rozi akaanza kushika kifua akipanda kilima cha shule. Kezia akapanda naye basi hadi Bukoba, kwenye kliniki ya moyo ya watoto. Pale walikuwa wameanza utaratibu mpya: kila mtoto, awe na dalili asiwe nazo, anapimwa mafuta kwenye damu. Damu! Nusura Kezia ageuke arudi naye. Wakati ule ukitolewa damu, kijijini umeshazikwa. Nesi Benigna, ambaye maneno matamu hakujaliwa, akamwambia, "Mama Rozi, hatutafuti Juliana hapa. Ukitaka kumrudisha, mrudishe, ila utafute na jeneza."

Ilimuuma, lakini akakubali.

Siku ya majibu, Dokta Nathanael aliishika mikono ya Rozi. "Vinundu hivi ni mafuta. Yamejaa kwenye damu, yanaziba mishipa ya moyo, na nadhani ndiyo yaliyomuua baba yake. Anakula nini?"

Kezia akataja samli.

"Acheni leo. Siahidi kwamba atapona, ila hiyo samli inamharakishia kifo. Mngemleta mapema." Kisha akasema, "Na mtoto mdogo kuwa hivi, amerithi kwa baba na kwa mama." Akainama akabonyeza nyuma ya kisigino cha Kezia. Pale palikuwa pamevimba, pagumu, na tangu usichana Kezia alidhani ni kwa sababu ya kutembea peku, kumbe ni mafuta yale yale.

Walipofika nyumbani, Eufrazia alikuwa anatoka jikoni na bakuli, na Rozi akaenda moja kwa moja kukaa kaburini. Kezia akalichukua bakuli, akalimwaga lote juu ya udongo.

"Kula mwenyewe, baba Rozi," akasema. "Huyu ni wangu pia."

Eufrazia alilia kama siku ya msiba.

Asubuhi Kezia alikwenda kutazama. Udongo ulikuwa mkavu, kama haukuwahi kumwagiwa kitu. Akakimbia ndani kuhakikisha aliyeila si Rozi, akamwinamia mtoto, akamnusa mdomo. Haukunuka samli. Akamwekea mkono kifuani, akangoja.

Moyo ulikuwa unapiga.