Kimlango cha Redio ya Mama

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Mimi si mtu wa kuzua, na wanaonijua kule Mbuchi watakwambia hata hadithi za sungura zilinishinda tangu utotoni. Hili limenipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu.

Mama alifariki mwaka jana. Aliniachia redio ya kaseti aliyonunuliwa na baba, na kanda moja. Baba simjui, mto ulimchukua nikiwa bado tumboni. Kwenye kanda ile mama yuko juu ya dungu letu, kile kibanda cha miguu mirefu tunachohamia msimu wa mpunga, anaamia ndege wasile mpunga. Anaita, "Hoyaaa!" kisha kimya. Anaita tena, kisha kimya. Mimi nilidhani anavuta pumzi. Sina sauti yake nyingine zaidi ya hiyo, na naikumbuka nikiwa hata sijaiwasha.

Tatizo lilikuwa kimlango cha kaseti. Zamani ukibonyeza kilifunguka taratibu, na mama alikuwa akinigombeza nikikivuta. Siku hizi kikawa kinafyatuka, pa! Bawaba moja ikapata ufa. Ikikatika, kanda haikai tena, na mama ndiyo basi. Fundi wa Kibiti alitaka kung'oa springi, wa Ikwiriri akanicheka tu. Nikaondoka na redio yangu, nimenuna.

Msimu huu nikapanda nayo dunguni. Siku hiyo ngazi nilikuwa nimeivuta juu, maana nyani wa kule hawana haya. Nikasikia hodi, nikajibu karibu huku mkono uko kwenye sufuria. Nilipogeuka, kijana ameshakaa mkekani, suruali imelowa hadi magotini. Je, wewe ungeikumbuka ngazi? Mimi sikuikumbuka, nilishughulika na jingine. Nilikuwa nangoja shikamoo. Kijana yule ningeweza kumzaa, lakini alinyamaza, ananitazama kama yeye ndiye anayengoja. Niamini, nilikasirika. Nikasema moyoni, watoto wa siku hizi.

Akaivuta redio, akabonyeza. Pa! Akatikisa kichwa.

"Springi haina kosa, mwanangu," akasema. "Grisi ndiyo imekauka."

Mwanangu! Alikibandua kifuniko, akanionyesha kigurudumu cha meno, kidogo kuliko punje ya mtama, kinachozunguka ndani ya grisi ili kuuzuia mlango usiruke. Alikifuta kwa ncha ya kanga yangu, akatoa grisi nzito aliyoifunga kwenye jani la mgomba, akapaka, akarudisha. Akabonyeza. Kimlango kikashuka polepole, vilevile kama nilipokuwa mdogo, na machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa.

Nikainama kumpakulia wali. Nilipoinuka hakuwepo. Nikakimbilia ngazi nimwite, nikaikuta imelala pale pale nilipoilaza, juu, pembeni yangu. Mkeka ulikuwa umelowa.

Jioni shangazi, dada yake baba, alipita, tukaiweka ile kanda. Mama akaita, "Hoyaaa!" Na pale palipokuwa kimya, sauti ya mwanamume ikaitikia kutoka mbali, "Hoyaaa!" Shangazi akakaa chini.

"Huyo ni kaka yangu," akasema. "Yeye alikuwa akiamia ng'ambo ya mto, wakipokezana hivyo kutwa nzima."

Kumbe mama alipokuwa akinyamaza, alikuwa akimpa nafasi.

Mpaka leo sauti zote mbili zimo, na kimlango bado kinafunguka taratibu. Wanaosema kanda nimeibadilisha, waseme. Kinachoniuma ni kimoja tu: baba yangu alikaa kwenye mkeka wangu akingoja salamu ya mwanawe, nami nikamnunia kwa sababu ya ujana wake.

Kwa hiyo nakwambia wewe unayenisikiliza: ukijiwa na mgeni usiyemjua, hata awe mdogo kiasi gani, usisimame kungoja heshima yako. Muamkie wewe kwanza. Mimi siku hizi kila nikibonyeza redio ile nasema, "Shikamoo, baba." Bado sijajibiwa.