Hatua Arobaini na Moja Kutoka Ghalani

Orpha Teague aliolewa bondeni, kaunti ya Corliss, Missouri, akazaa mara tano na kuzika mara moja. Huyo mmoja, Wendell, aliishi siku tisa. Mumewe, Delmer, alimwekea jiwe la shambani lisilo na jina. "Jina la nini? Ni hatua arobaini na moja kutoka pembe ya ghala, ukielekea kijitoni. Nani atahamisha ghala?"

Serikali. Mwaka 1941 ililitaka bonde zima la kutengenezea mabomu, ikawapa watu siku thelathini. Mji wa kaunti, uliokuwa na kinyozi mmoja na mlevi mmoja, ukafura kama unga uliozidishwa hamira. Wafanyakazi wa kiwanda walifurika, hata mabanda ya kuku yakapata wapangaji. Watu wa bondeni waliambiwa wajivunie vita. Wakajivuna, huku wakipakia vitanda kwenye malori.

Makaburi yenye majina yalihamishwa. Yasiyo na jina hayakuwamo orodhani.

Miaka miwili Orpha alikataliwa kuingia. Mei 1943, siku ya kupamba makaburi, lango likafunguliwa kwa saa mbili. Akaja na Delmer na mkebe wa maua.

"Mnakuja kumwona nani, mama?" aliuliza askari wa langoni, kidevu kitupu.

"Mwanangu."

"Yuko idara gani?"

"Ya kulala."

Askari akaiva uso mpaka masikio, akawapisha.

Ndani hapakuwa na ghala wala nyumba. Kijito nacho kilikuwa kimenyooshwa kikawa mtaro. Kulijaa vichuguu vya kuhifadhia mabomu, vimeoteshwa nyasi, vyote sura moja. Delmer alitembea, akasimama kando ya kimoja.

"Ni hapa."

"Umehesabu?"

"Nimehesabu."

"Delmer Teague, miaka ishirini na sita nalala nawe. Ukidanganya unajikuna sikio."

Mkono ukamshuka Delmer taratibu kutoka sikioni. "Nianzie wapi, Orpha? Nionyeshe tu pa kuanzia. Nitahesabu mpaka kesho."

Orpha aligeuka huku na huku, pande zote nne. Hakupaona.

Filimbi ya kuwatoa watu ikalia langoni. Delmer alinyoosha mkono aupokee mkebe, walau auweke chini mahali. Orpha akaukumbatia.

"Siweki maua ya mwanangu juu ya bomu la watu."

Alirudi nayo garini, akayapakata njia nzima. Maji ya mkebe yalimlowesha gauni mpaka magotini, asiyafute.