Kamati Iliyokula Jogoo Wetu

Mwaka nilioitwa chuo kikuu, mama yangu, mjane aliyechuma majani chai kwenye mashamba ya watu kule juu ya Kiriaini, aliambiwa kamati ya basari, ile pesa ya kuwalipia karo wasiojiweza, itakuja nyumbani kuona kama kweli hatujiwezi. Bila basari hiyo nisingeenda popote. Tulilijua hilo sote wawili, na bado mama akafanya ambalo mwanamke yeyote wa kwetu angefanya. Alisikia wageni, akapandwa na wazimu.

Aliazima viti vya jirani pamoja na vitambaa vyake vya kufuma, akaazima thamosi na vikombe vyenye maua. Kisha akachinja jogoo, na tulikuwa na huyo mmoja tu. Nilimwambia tunajiharibia. Akaniambia niache upuzi nikamenye viazi.

Walikuja watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja. Waliosha mikono, wakaomba sala ndefu kama ya mazishi, wakala. Sijawahi kuona watu wakichunguza umaskini kwa bidii namna ile. Waliuchunguza hadi kwenye mifupa. Mwenyekiti, mtu mwenye tumbo la kuheshimika, akafuta mdomo, akakitazama kiti alichokalia, akafunga faili.

"Mama, nyinyi mko sawa," akasema. "Hii pesa ni ya watu hawana kitu."

Mama akamshukuru. Nasema kweli, alimshukuru, na paja lililobaki akamfungia apelekee watoto.

Niliwadharau watu wale na mpaka leo nawadharau. Hawakuchungulia hata jikoni. Hawakuuliza viti ni vya nani. Watu waliozaliwa kwenye vilima hivi hivi, ambao mama zao waliazima vikombe kila mgeni alipopiga hodi, wakajifanya hawajui walichowekewa mezani. Ningewasamehe ujinga, lakini hawakuwa wajinga, walikuwa wameshiba. Mwaka huo wote nilikata maua kwenye shamba moja Timau, vidole vimejaa miiba ya waridi, wenzangu wakiwa darasani.

Mwaka uliofuata kamati ikarudi, watatu wale wale. Safari hii niliweka mguu chini. Hakuna kiti cha jirani kilichovuka ua. Mama akauliza basi wageni tutawapa nini, nikamwambia strungi, chai bila tone la maziwa.

"Wageni wakunywe strungi kwangu?" akasema. "Afadhali usisome."

Niliipika mwenyewe. Mama alijifungia chumbani, akakataa kutoka hata kuwasalimia. Walibanana kwenye benchi letu, wakaonja, wakaacha vikombe vimejaa. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika ukurasa mzima. Basari nikapata.

Siku ya kuripoti chuo, mama alinibebea godoro mgongoni hadi stendi. Njia nzima hakunisemesha.