Mgongo wa Ndugu Yangu

Uongo wenyewe niliutunga mimi, wala sikuupanga. Tulikuwa Nizwa, huku Oman, mama na mimi, ndani ya duka la dhahabu, tumemwekea muuzaji juu ya kioo bangili za mama na kidani alichoolewa nacho Unguja. Yule bwana akavipima, akatutazama, akauliza kwa upole: "Harusi au mgonjwa?" Maana mwanamke wa umri ule hauzi dhahabu yake kwa jambo jingine. Mama akasema mgonjwa, mwanawe. "Anaumwa nini?" Mama akainamia bangili zake. Mimi, kwa mdomo wangu huu, nikadakia: "Mgongo." Yule bwana akamwombea shifaa na akatuongezea kidogo juu ya bei.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa nje anatusubiri garini. Ndiye aliyetuendesha kutoka Ibra. Ni ndugu yangu, kitinda mimba wa mama, kazi yake kuendesha lori la maji, na kwa miaka minne alikuwa akijidunga unga. Asubuhi ile alikuwa keshajidunga kabla hatujatoka. Nilijua, kwa sababu mikono yake ilikuwa imetulia. Na sisi tukapanda gari hivyo hivyo, tukapita Sinaw tunazungumzia mvua, mama yuko nyuma na dhahabu mapajani. Mpaka leo nikiikumbuka njia ile natokwa na jasho.

Mtu ataniuliza, kwani dawa ya bure haikuwako? Ilikuwako. Daktari wa mustashfa yetu, hospitali ya Ibra, Msudani mmoja mwenye huruma, alinieleza vizuri kabisa: mji mkuu kuna wodi ya watu kama ndugu yangu, raia halipi kitu, yeye ataandika barua tu. Barua! Barua hupita kwa karani, na karani wa pale ni mtoto wa ami yake mume wangu, ana ulimi mrefu kuliko barabara ya Sur. Tena wakati ule binti yangu alikuwa ameposwa na watu wa Sur, wa upande wa Aija, watu wa jina lao. Nikaona akilini jina la mjomba wa bibi harusi limeandikwa kwenye faili pamoja na maradhi yale, na posa imerudi. Nikamwambia daktari angoje kwanza. Akangoja wiki, akangoja mwezi, halafu akahamishwa. Ndipo tulipoamua Bambai, kwenye hospitali ya kulipia, ambako hakuna karani anayetujua. Mama ana methali kwa kila kitu, na tangu tuko wadogo alikuwa akitwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Safari hii methali yake aliimeza.

Basi ule mgongo nikaufanyia kazi. Ibra tuna soko la wanawake kila Jumatano, ukisema neno saa mbili, saa tano limeshafika Mudhaibi. Nikaenda sokoni, nikanunua vitambaa nisivyovihitaji, na kila niliyesalimiana naye nikamwambia: mdogo wangu, masikini, lori limemharibia uti, tunampeleka India. Wakanishika mikono. Wakamwombea. Nikarudi nyumbani nimeridhika, astaghfirullah, kama mtu aliyefanya jambo la maana.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye habari za sokoni hazikumfikia, kwa hiyo kwake nilikwenda mwenyewe. Ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, bibi mmoja mjane, Mwomani mzaliwa wa Bujumbura. Kiarabu kilimshinda. Miaka ishirini na zaidi yuko Oman, na bado akienda dukani ananyoosha kidole. Mama alimpenda na kumtania kwa Kiswahili chake cha bara, "kitabu" anasema "gitabu," na yeye anamjibu mama kuwa Wazanzibari mnaringa hata mkipiga chafya. Habari za mji wote, nani kazaa, nani kaachwa, alizipata kwetu, kwa Kiswahili. Nilimpa na hii ya mgongo. Akalia. Mumewe alikuwa amekufa mwaka uliotangulia kwa saratani ya mifupa, na maumivu ya mifupa alikuwa anayajua.

Bambai tulikwenda mimi, mume wangu na mgonjwa. Siku za kwanza sitazisimulia. Itoshe kwamba alimwita mama, aliniita mimi majina ambayo sikuwahi kuyasikia kinywani mwake, halafu akaniomba radhi, halafu akaniita tena. Baada ya wiki sita nilimkuta amekaa kwenye benchi anakula embe, juisi inamtiririka mpaka kwenye kiwiko, ananicheka kwa namna ninavyomwogopa. "Nisogelee, dada, sing'ati." Wallahi nilikuwa nimeshaisahau sauti yake ya kucheka. Nililia palepale mbele ya manesi.

Siku ya kuondoka daktari wa kule alitukalisha. Akasema, mwili wake sasa umesahau. Kipimo alichokuwa akikimudu zamani sasa hivi kitamkata pumzi, na si unga tu, hata vidonge vikali vya maumivu. Watu wote wanaoingia nyumbani kwenu wajue, msiwafiche. Akatuandikia karatasi ya Kiingereza yenye jina la maradhi juu kabisa, kwa herufi kubwa. Nilipofika Ibra niliikunja karatasi ile nikaiweka chini ya madira yangu kabatini, nikafunga, ufunguo nikauvaa shingoni.

Mtu akirudi kutoka matibabuni kwetu hakukaliwi kimya. Watu wakaja, wanaume majilisini, wanawake kwa mama, na machungwa, na halua, na chupa za uji. Ndugu yangu ikabidi aumwe. Nilimfundisha mimi: ukikaa jishike kiuno, ukisimama toa sauti kidogo, usibebe kitu mbele ya watu. Alifanya mpaka nikacheka. Mama mkwe mtarajiwa wa binti yangu alitoka Sur kwa ajili yake, mwanamke mnene mwenye macho mazito ya wanja, akanywa kahawa, akauliza habari za mgongo, akaaga. Hakuuliza zaidi. Nikasema alhamdulillahi, tumevuka.

Siku moja baada ya laasiri ndugu yangu alinikuta jikoni nachagua mchele. "Dada," akasema, "leo msikitini wameniwekea kiti. Nimesali nimekaa, na mimi nina nguvu za kubeba gunia. Mungu naye nimdanganye?"

"Subiri harusi ipite."

"Niwaambie tu. Hata watatu wanne. Nikiwa peke yangu na hili jambo linanitafuna."

"Miezi miwili tu, baba. Miezi miwili itakuua?"

Ndivyo nilivyosema. Maneno hayo hayo. Akanitazama, akachukua punje moja ya mchele mbichi akaitafuna, akatoka.

Wiki ya pili yake, Jumatano, mimi na mama tulikuwa sokoni kununua vitu vya harusi. Bibi jirani aliingia kwetu kama alivyozoea, bila ya hodi. Akamkuta ndugu yangu ukumbini. Hayo nimeyapata kwa bibi mwenyewe baadaye. Anasema alimwona anainuka kumpisha kiti huku ameshika kiuno anaguna, na roho ikamuuma. Akarudi kwake, akafungua sanduku, akatoa vidonge alivyobakisha marehemu mumewe, vile vikali ambavyo hospitali ya mji mkuu walimpa mwisho wa maradhi yake. Akavifunga kwenye leso, akamletea. "Nikamwambia, baba, chukua, mume wangu vilimpa usingizi mzuri. Akavikataa. Nikamwambia usinionee haya, mimi ni mama yako. Akasema, bibi, mimi sivitaki. Nikamuuliza, kwa nini, mwanangu? Hakuwa na la kusema. Akavipokea, akanibusu mkono."

Hakuwa na la kusema. La kusema lilikuwako, mimi ndiye niliyelifungia kabatini.

Tulirudi kutoka sokoni adhana ya adhuhuri imeshaadhiniwa. Feni ya ukumbini inazunguka, yeye amelala kwenye zulia, mkono chini ya shavu, kama alivyokuwa akilala mtoto. Mama akamwambia, "Inuka ukasali, wee, mgongo gani wa kulala hivyo." Alikuwa anamtania. Tulikuwa peke yetu ndani, hakukuwa na wa kudanganywa, alikuwa anamtania tu mwanawe. Mimi ndiye niliyemgusa.

Leso niliiona chini ya mto. Nikaijua ni ya nani. Nikaitia kifuani kabla mume wangu hajaingia, na nikasema moyo. Daktari mpya naye akaandika moyo. Wanaume wakamwosha, na laasiri hiyo hiyo akazikwa.

Siku ya tatu ya matanga bibi jirani alinivuta pembeni, ndipo aliponisimulia yote niliyoyaandika hapo juu. Akaninong'oneza: "Mwanangu, nambie kweli. Vile vidonge vilimsaidia?"

Nikamtazama. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, hana mtoto, hana mji mwingine.

"Vilimsaidia, bi mkubwa. Alilala hana maumivu."

"Alhamdulillahi," akasema. Akanikumbatia. Nilisikia harufu ya leso yake, ile ile.

Harusi ilicheleweshwa, ikafanywa kimya kimya mwaka uliofuata, bila ya ngoma. Baada ya chakula mama mkwe wa binti yangu alikaa karibu yangu, sasa ni jamaa, sasa anaweza kusema. Akanishika goti. "Mdogo wako Mungu amrehemu," akasema kwa Kiarabu. "Wanangu wanaendesha malori njia hiyo hiyo. Sisi tulikuwa tunajua tangu kabla ya kuja kuposa."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Mlikuwa mnajua nini?"

"Unga. Nani hakujua? Sokoni kwenu walijua, msikitini walijua. Karani wenu wa mustashfa alijua kabla yako. Tuliona mnajisitiri, na sisi tukawasitiri. Mtu na aibu yake." Akanipigapiga goti kwa huruma ya kweli, akachukua kipande cha halua.

Nilikaa pale na sinia la kahawa mapajani, wanawake wote wale wamenizunguka na mikufu yao, na nikaanza kuwapitia mmoja mmoja. Huyu aliyenishika mikono sokoni alijua. Huyu aliyeleta uji alijua. Waliomwekea kiti msikitini, walijua. Yeyote kati yao angekuwa na vidonge vile nyumbani kwake, asingempa.

Mji mzima nimeutungia uongo, na mtu mmoja tu ndiye aliyeuamini. Alikuwa amekaa kule mlangoni na watoto, maana mazungumzo ya Kiarabu hayafahamu, na aliponiona namtazama akaniinulia kikombe chake.